Gari Likichemsha, Pima Kabla ya Kung'oa

Juma hili nataka tuzungumzie feni. Sina maana ya ile ya kutupepea ofisini. Nazungumzia ile iliyo nyuma ya rejeta ya gari, ambayo wengi wetu hatuikumbuki mpaka mvuke uanze kufuka chini ya boneti.

Nimeichagua kwa sababu katika wilaya zetu nyingi mgonjwa, chanjo na karatasi za mitihani husafiri katika Land Cruiser kuukuu. Toyota ilianza kutengeneza zile za mfululizo wa 70 mwaka 1984, na ile injini ya dizeli ya silinda sita inayoitwa 1HZ ikatoka mwaka 1990. Magari hayo yamezeeka lakini bado yanapanda milima. Likichemsha mara moja vibaya, silinda hedi inapinda au kupasuka, gari linapandishwa juu ya mawe chini ya mwarobaini, na mama mjamzito wa kijijini anapakiwa kwenye pikipiki.

Mara nyingi chanzo cha hasara hiyo yote ni kifaa kinachoweza kukaa mkononi. Hiki ni klachi ya feni.

Katika magari haya feni inazungushwa na mkanda wa injini, lakini haikufungwa moja kwa moja. Katikati yake kuna kibweta cha alumini chenye mafuta mazito ya silikoni. Mbele ya kibweta kuna springi bapa iliyojiviringisha kama konokono. Hewa inayopita kwenye rejeta ikiwa ya moto, springi hiyo inajinyonga na kufungua kijitundu, mafuta yanaingia kati ya sahani mbili na kuzishikanisha, na feni inavuta hewa kwa nguvu. Hewa ikipoa, mafuta yanarudi nyuma na feni inalegea. Kwa njia hiyo injini haipotezi nguvu na dizeli kuzungusha feni isiyohitajika.

Mafuta hayo yakivuja, feni inaendelea kuzunguka. Hapo ndipo tunapodanganyika, kwa kuwa ukifungua boneti unaiona inazunguka, unasema feni ni nzima. Kumbe inazunguka bila kuvuta.

Nilipata kusafiri kikazi kwenda Iringa katika gari la namna hiyo, mali ya taasisi moja. Tangu Morogoro, tukapita Mikumi mpaka Ruaha Mbuyuni, mshale wa geji ya joto ulitulia katikati. Tulipoanza kupanda Kitonga nyuma ya lori lililokuwa likitambaa kwa gia ya kwanza, mshale ulipanda. Dereva akaegesha, akatuomba tusubiri bila kugusa kifuniko cha rejeta. Tulipomaliza mlima na kupata barabara ya kukimbia, mshale ukashuka wenyewe.

Gereji tuliyoikuta mjini ilitoa hukumu dakika ileile: silinda hedi ishushwe ikakwanguliwe, gasketi mpya inunuliwe, na themostati ing'olewe itupwe. Dereva wetu, mtu mzima aliyezeekea kwenye usukani, akamwambia fundi kwa upole, "Fundi wangu, kabla hujafungua injini, hebu izungushe kwanza hiyo feni kwa mkono." Injini ilikuwa imezimwa. Fundi aliisukuma feni, nayo ikazunguka mara nne, mara tano, kama gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa. Kwenye kibweta kulikuwa na vumbi lililogandamana kwa mafuta. Hukumu ikabadilika. Klachi ya feni ilibadilishwa, na siku ya kurudi gari lilipanda na kushuka bila wasiwasi.

Wasikilizaji, dereva yule alikuwa ameshapata nusu ya jibu barabarani. Gari linalochemsha likienda polepole mlimani, kwenye mchanga au kwenye tope, kisha likapoa likikimbia kilomita 80 kwa saa, linalalamikia hewa. Likiwa mbioni, upepo wa barabara unafanya kazi ya feni. Lakini gari linalotulia polepole na kuchemsha likikimbia, mara nyingi linalalamikia maji: rejeta imeziba ndani, au maji hayazunguki vizuri.

Sasa tufuate upimaji kwa mpangilio. Zima injini, weka ufunguo mfukoni, acha ipoe. Kwanza, tazama kiasi cha maji, mipira yake na kifuniko cha rejeta. Kifuniko kina kazi kubwa. Mjini Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi kama 95 za sentigredi badala ya 100. Kifuniko kizima kinashikilia mgandamizo ili yasichemke mapema. Kikilegea, hata feni mpya haitakusaidia.

Pili, tazama mkanda. Ukiwa na nyufa, au uking'aa kama kioo, unateleza.

Tatu, zungusha feni kwa mkono. Inatakiwa ikatae kidogo na kusimama upesi. Ikizunguka raundi kadhaa yenyewe, mafuta yamekwisha. Ishike ncha ya pangaboi uitikise mbele na nyuma. Ikicheza, beringi ya klachi au ya pampu ya maji imekufa.

Nne, sikiliza. Asubuhi gari likiwaka feni inaweza kuvuma kwa muda mfupi kisha ikatulia. Hiyo ni kawaida. Baada ya kupanda mlima na joto kuzidi, inatakiwa ivume tena. Ikiwa kimya huku mshale unapanda, umempata mgonjwa. Wapo wanaosukuma gazeti lililokunjwa kwenye feni inayozunguka kuona kama itasimama. Mimi sishauri hivyo. Gazeti lisomwe, na vidole vibaki vitano.

Tano, tazama kava la plastiki linalozunguka feni na uso wa rejeta. Kava likikosekana, feni inavuta hewa ya pembeni badala ya ile inayopita kwenye rejeta. Na rejeta iliyojaa tope na mbegu za nyasi ni ukuta. Hakuna feni inayovuta hewa kupitia ukuta. Ioshe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, ukielekeza kutoka upande wa injini kwenda mbele.

Ukimaliza hayo na gari bado linachemsha, ndipo umtilie shaka silinda hedi. Nayo ina dalili zake: mapovu yasiyokoma kwenye rejeta injini ikiwashwa ingali baridi na kifuniko kikiwa wazi, moshi mweupe usiokwisha, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa.

Dawa ya klachi iliyokufa ni kuibadilisha. Zipo aina zinazofunguka, na mafuta ya silikoni huuzwa katika vichupa vidogo vya kuongezea, lakini kama beringi imechakaa, kuongeza mafuta ni kupoteza fedha. Ukiitoa klachi, isimamishe vile inavyokaa kwenye gari. Usiilaze chali, mafuta yatavuja.

Najua porini hakuna duka. Fundi akitoboa na kupiga bolti ili feni ishikane moja kwa moja, anaweza kumwokoa mgonjwa siku hiyo. Lakini iwe dawa ya njiani. Ikiachwa miaka, feni inavuma muda wote, inakula dizeli na kuisumbua beringi ya pampu ya maji. Na kung'oa themostati ni kosa zaidi, kwani katika injini nyingi ndiyo pia inayofunga njia ya mkato. Ikiondolewa, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Umeondoa kifaa ili gari lipoe, nawe umeongeza joto.

Kwa magari yenye feni za umeme mpangilio ni uleule, ila tunaanza na fyuzi, rilei, sensa ya joto na waya. Tahadhari: feni hizo zinaweza kuwaka zenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

Nina neno moja kwa wakubwa wa ofisi wenye magari haya. Dereva anaposema gari linapandisha joto mlimani, msimjibu kwamba anatafuta posho ya gereji. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na dereva anayeogopa kusema ataendelea kuongeza maji kimyakimya mpaka injini ife. Aandike katika kitabu cha safari ni wapi gari lilichemsha, lilikuwa likienda kasi gani, na lilipoa lini. Karatasi hiyo impelekee fundi. Naye fundi akileta orodha ya vipuri, ulizeni kwanza: umepima nini, na umeona nini? Fundi mzuri hatachukia swali hilo.

Mpaka juma lijalo, nawatakia safari njema.