Joto Dhidi ya Saratani: Tiba Iliyo Mbali na Tiba Iliyo Karibu



Joto ni silaha ya kweli dhidi ya saratani. Wataalamu wamelithibitisha jambo hilo kwa njia zaidi ya moja, na wananchi wanastahili kulielewa kwa sababu mbili: kwanza, wasihadaike na wauza miujiza, pili, watambue kwamba mojawapo ya tiba za joto zenye manufaa makubwa haihitaji safari ya ng'ambo.

Tiba iliyo mbali ni ile ya chembe nano. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa nanomita zipatazo 80,000. Katika tiba hiyo hutumika chembe za oksidi ya chuma, jamii moja na kutu inayojulikana kwa kila mvuvi mwenye nanga ya chuma. Chembe hizo huchanganywa na maji na kudungwa ndani ya uvimbe. Kisha mgonjwa huwekwa kwenye mashine ambayo nguvu yake ya sumaku hugeuka mwelekeo mara 100,000 hivi kwa sekunde. Chembe hupata moto, na uvimbe hufikia nyuzi joto 41 hadi 46 za Selsiasi, ilhali mwili wenye afya huwa na nyuzi 37. Katika kiwango hicho seli za saratani hudhoofika au hufa, na zinazosalia huathiriwa kwa urahisi zaidi na mionzi au dawa. Kwa kuwa joto hukaa pale zilipo chembe, viungo vya jirani hunusurika kwa kiasi kikubwa.

Wazo hilo si geni. Watafiti wa Marekani walilichapisha mwaka 1957, na mwaka 2010 tiba hiyo, iliyoendelezwa Ujerumani, iliidhinishwa barani Ulaya kwa uvimbe wa ubongo, ikitolewa pamoja na mionzi. Nchini Marekani, chembe zilizofunikwa kwa dhahabu na kupashwa joto kwa mwanga wa leza zilijaribiwa kwa wanaume 16 wenye saratani ya tezi dume, na matokeo yakatangazwa mwaka 2019. Udogo wa idadi hiyo unaonyesha hali ilivyo: kazi inatia matumaini, lakini bado haijawa tiba ya kawaida hospitalini. Anayeuza chupa ya "dawa ya nano" mnadani au kwa njia ya simu hauzi tiba hiyo. Vivyo hivyo, kuukanda uvimbe kwa maji ya moto, kuuchoma au kuufukiza nyumbani hakuiui saratani; huunguza ngozi na kupoteza miezi ambayo mgonjwa hawezi kuirudisha.

Tiba ya joto iliyo karibu inahusu mlango wa kizazi. Saratani ya kiungo hicho ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Karibu kila mara husababishwa na kirusi cha HPV, na kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 tangu seli zianze kubadilika hadi saratani kamili. Kwa mwanamke mwenye kinga dhaifu, muda huo huweza kupungua hadi miaka 5 au 10. Katika kipindi chote hicho mwanamke huweza asisikie maumivu yoyote. Ndiyo maana anayesubiri kuumwa ndipo aende kupimwa huwa amechelewa.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Mhudumu hupaka siki maalumu kwenye mlango wa kizazi, na sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe baada ya dakika moja hivi. Mabadiliko hayo yakifaa kutibiwa, ncha ya kifaa kidogo chenye joto la nyuzi 100 huguswa hapo kwa sekunde 20 hadi 30. Hakuna kisu, kizazi hakitolewi, na kwa kawaida mama hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Hushauriwa kujiepusha na tendo la ndoa kwa mwezi mmoja hivi, na kurudi kupimwa baada ya mwaka.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa tiba hiyo mwaka 2019. Njia ya zamani ya kugandisha kwa baridi huhitaji mitungi mizito ya gesi. Kifaa cha joto hubebeka mkononi, na kipo cha kutumia betri. Kwa wilaya ya visiwa kama Ukerewe, ambako kila mtungi lazima uvuke maji, tofauti hiyo ina uzito mkubwa.

Wanaopaswa kupimwa ni wanawake kuanzia umri wa miaka 30. Wanaoishi na virusi vya ukimwi waanze wakiwa na miaka 25, kwa kuwa hatari yao ni mara sita ya wengine. Wasichana wa miaka 9 hadi 14 hupewa chanjo ya HPV bila malipo. Nchi nzima ilianza kuitoa mwaka 2018.

Joto hilo dogo haliitibu saratani iliyokwisha kukomaa. Mwenye kutokwa damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, au kutokwa uchafu wenye harufu mbaya, aende kituo cha afya bila kuchelewa, ili apewe rufaa ikibidi. Zamani, mgonjwa wa Kanda ya Ziwa aliyehitaji mionzi alisafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Sasa tiba hiyo hutolewa pia Hospitali ya Bugando, jijini Mwanza. Tangu Juni 2025, anayetoka Sengerema huvuka kwa Daraja la Kigongo–Busisi bila kusubiri kivuko.

Njia imefupishwa, kinachosalia ni mtu kuondoka nyumbani mapema. Waume wawahimize wake zao, na mama aliyekwisha kupimwa amchukue jirani yake. Sayansi ya chembe nano itakapokomaa itapokelewa kwa furaha, lakini mwanamke wa leo asiingoje, kwa maana sekunde 30 za joto zikija kwa wakati huweza kumwepusha na saratani yenyewe.