Maumivu ya Kisigino: Mazoezi Kwanza, Kisu Baadaye

(Maneno ya Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa hadhara wa kata)



Wapo miongoni mwetu wanaoumwa kisigino kwa miezi mingi, na sasa wanajiuliza kama wauze mbuzi wakafanyiwe upasuaji. Mimi si tabibu. Nayaleta kwenu yale ambayo wataalamu wa afya wanakubaliana, ili kila mmoja aamue akiwa na maarifa.

Chini ya unyayo upo ukanda mgumu unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kufika kwenye vidole. Kusimama kutwa, viatu vyenye soli nyembamba na uzito mkubwa wa mwili huuchosha ukanda huo. Dalili yake kuu ni hatua za kwanza za asubuhi kuchoma kama msumari, kisha maumivu kupungua mtu anapoendelea kutembea.

Njia ya kwanza ya matibabu haina kisu. Kabla ya kushuka kitandani, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako, hesabu hadi 10, kisha achia. Rudia mara 10. Mchana simama ukiegemea ukuta, mguu unaouma ukiwa nyuma, kisigino kikigusa chini, kwa sekunde 30, mara 3. Jioni viringisha unyayo juu ya chupa ya maji baridi. Vaa viatu vyenye soli nene na laini, usitembee peku kwenye sakafu ngumu. Kwa njia hizi, takribani wagonjwa 9 kati ya 10 hupata nafuu ndani ya mwaka mmoja. Ipo pia sindano ya kutuliza maumivu, lakini nafuu yake ni ya muda, na ikirudiwa mno huweza kudhoofisha ukanda hata ukachanika.

Njia ya pili ni upasuaji, ambapo daktari hukata sehemu ya ukanda ili kuulegeza. Hufikiriwa kwa wachache ambao wamefuata matibabu kwa miezi 6 hadi 12 bila nafuu. Wengi wao hupona, lakini wapo wanaobaki na ganzi, kidonda kilichoingia vijidudu, unyayo uliobonyea au maumivu yale yale. Tena mgonjwa hukaa wiki kadhaa bila kufanya kazi za kusimama, na kwa mkulima hizo zaweza kuwa msimu mzima.

Jambo moja huwatia wengi hofu: picha ya eksirei kuonesha mfupa uliochomoza kama mwiba. Watu wengi wanao mwiba huo na hawaumwi kabisa. Kwa hiyo picha hiyo peke yake si sababu ya kupasuliwa.

Hata hivyo, asingoje mwenye kisukari, aliyevimba na kupata homa, mwenye ganzi, wala aliyeshindwa kukanyaga baada ya kuanguka. Hao waende zahanati mara moja.

Wengine pia waanzie zahanati, na ikibidi wapewe rufaa. Ukishauriwa upasuaji, muulize daktari: Je, nimemaliza njia nyingine? Hatari zake ni zipi? Nitakaa bila kazi kwa muda gani? Kuuliza ni haki yako.