Mwenzetu wa Bweni Mwenye Kisukari

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Nimepewa dakika chache, nami nimechagua kuzungumzia moyo wa kijana anayeishi na kisukari cha aina ya kwanza.

Ugonjwa huu hauletwi na kula sukari, wala hauambukizi. Kinga ya mwili huziharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Zamani aliyeupata hakuwa na tumaini. Januari 1922, huko Toronto, Kanada, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, rika lenu hasa, alidungwa insulini ya akina Banting na Best. Akaishi miaka 13 zaidi.

Basi dawa ipo. Lakini sindano za kila siku na kutoboa kidole kupima damu ni kazi isiyo na likizo. Tena wakati wa kubalehe homoni huipunguzia insulini nguvu, hivyo sukari yaweza kupanda hata kwa kijana aliyefuata masharti yote. Akigombezwa kwamba hajitunzi, hukata tamaa. Akichekwa, hujidunga kwa kificho chooni, au huiacha dawa ili afanane na wenzake. Kuiacha ni hatari: damu hujaa asidi, na kifo chaweza kuja katika siku chache.

Kwa hiyo nina maombi matatu.

Kwanza, wanafunzi. Mwenzenu akitetemeka, akitoka jasho au akiwa mkali ghafla, msiseme ana kiburi. Huenda sukari imeshuka. Mpeni soda ya kawaida au maji ya sukari, na mwiteni mwalimu. Akizimia, msimnyweshe kitu, mkimbizeni hospitali.

Pili, walimu. Mruhusuni kula darasani anapohitaji, na mpeni mahali pa staha pa kujidungia. Mnapomuuliza vipimo vyake, muulizeni pia anaendeleaje moyoni.

Tatu, wenzangu. Tunapochangia rangi na madawati, tukumbuke friji ndogo ya zahanati ya shule, maana insulini ya akiba huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8.

Mwisho, vijana, mwenzenu hahitaji kuonewa huruma. Mpangeni katika timu, mpeni ukiranja, gombaneni naye na mpatane kama kawaida. Hapo ataichukua sindano yake mbele yenu bila aibu, na ataishi.