KONGO, EBOLA NA MAMA ANYONYESHAYE



Tarehe 1 Agosti 2018 jirani zetu wa Kongo walitangaza kwamba Ebola imezuka katika jimbo la Kivu ya Kaskazini. Wengi wenu mnalijua jimbo hilo si kwa ramani tu. Vijana wetu wamelinda amani Beni na viunga vyake, na wengine hawakurudi. Maradhi hayo yalitangazwa kukoma tarehe 25 Juni 2020, yakiwa yameua watu 2,287. Zaidi ya nusu ya waliougua walikuwa wanawake, maana wao ndio wauguzi wa kila nyumba.

Safari hiyo silaha ilikuwapo, nayo ni chanjo. Kila alipopatikana mgonjwa, walichanjwa waliomkaribia, kisha waliowakaribia hao, mithili ya kikosi kinachozingira msitu. Lakini mzingo huo uliachwa na pengo. Waja wazito na wanaonyonyesha waliwekwa kando, ati kwa usalama wao, kwa kuwa chanjo ile ina virusi hai.

Hoja hiyo yaonekana ya huruma. Hebu tuipime. Virusi hivyo asili yake ni maradhi ya mifugo, vikadhoofishwa na kuvikwa sehemu moja tu ya gamba la Ebola. Haviwezi kumpa mtu Ebola. Kwa upande wa pili, mja mzito akipatwa na Ebola, kiumbe kilicho tumboni hufa karibu kila mara; na virusi vya Ebola vimeonekana katika maziwa ya mama mgonjwa. Basi mama yule hakulindwa. Alizuiwa kuingia katika handaki wakati risasi zikirindima, kwa sababu handaki lina unyevu!

Mwezi Februari 2019 Kongo iliamua vingine. Wanaonyonyesha, na waja wazito waliovuka miezi mitatu ya mwanzo, wakaruhusiwa. Katikati ya mwaka huo wakaanza kuchanjwa. Miezi kumi ilikuwa imekwisha kupita.

Hatusemi kwamba chanjo zote ni sawa. Askari wa kike anayepangiwa kwenda Kongo hudaiwa chanjo ya homa ya manjano. Hiyo nayo ina virusi hai, na imewahi, ingawa kwa nadra sana, kumfikia mtoto mchanga kwa njia ya maziwa. Anayenyonyesha hana budi kumweleza daktari mapema, hasa kama mtoto hajatimiza miezi tisa, ili ipimwe hatari ya safari na hatari ya sindano. Kusema "ni amri" hakutoshi hapo. Naye anayetarajia kushika mimba, akichanjwa homa ya manjano au rubela, hushauriwa angoje mwezi mmoja.

Chanjo ya pepopunda ni jambo jingine kabisa. Haina kijidudu hai, na mja mzito ndiye hasa anayetafutwa apewe, ili mtoto azaliwe na kinga aliyorithi kwa mamaye.