Somo la Redio: Ofisi Ndani ya Kivinjari

Wasikilizaji, nanyi mnaosoma darasani, fuateni pamoja nami polepole. Leo tutaona jinsi kazi ya seva inavyoweza kufanyika ndani ya kivinjari chako mwenyewe.

Seva ni nini? Ni kompyuta inayopokea maombi na kutoa majibu. Ukifungua tovuti, kivinjari hupeleka ombi mbali kwa njia ya intaneti. Seva hulisoma, hutengeneza ukurasa, na kuurudisha kwako. Ni kama kumtuma tarishi na barua kwenye ofisi ya mjini. Njia ikikatika, tarishi hafiki, nawe hupati jibu.

Basi, kuna programu ndogo iitwayo sevisi woka. Chrome ilianza kuitumia mwaka 2015, na Safari mwaka 2018. Programu hii ni kama karani akaaye mlangoni. Kila barua itokayo humpitia yeye. Aweza kuiacha iende mjini, au aijibu mwenyewe. Kwa kawaida hutunza nakala za majibu ya zamani tu.

Je, tukimpa karani huyu ofisi nzima? Chukueni mfano wa Django. Django ni kiunzi, yaani mifupa iliyo tayari ya kujengea tovuti. Kilianza katika gazeti la mji wa Lawrence, Marekani, kikatolewa kwa watu wote mwaka 2005. Kimeandikwa kwa lugha ya Python, ambayo kivinjari hakiifahamu. Kwa hiyo huhitajiwa Pyodide, kazi iliyoanzishwa huko Mozilla mwaka 2018. Pyodide ni Python iliyogeuzwa iwe katika maagizo ambayo kivinjari huweza kuyafuata.

Sasa tazameni hatua zake:

1. Wewe unabonyeza kiungo.
2. Sevisi woka hulikamata ombi lako.
3. Huligeuza liwe katika umbo ambalo Django hulijua.
4. Django hutengeneza ukurasa.
5. Sevisi woka hukupa ukurasa huo.

Ombi halikutoka nje ya mashine yako hata kidogo. Mara ya kwanza lazima upakue mzigo mkubwa kutoka kwenye intaneti. Mzigo huo ukiisha kuhifadhiwa, waweza kufanya kazi hata mtandao ukikatika.

Lakini angalieni mambo matatu.

Kwanza, karani huyu hulala. Akikosa kazi, kivinjari humzima, naye akiamka hakumbuki kitu. Kila jambo la kudumu liandikwe katika hifadhi ya kivinjari.

Pili, hifadhi hiyo imo katika mashine yako tu. Simu ikipotea, au ukifuta hifadhi ya kivinjari, daftari limekwenda. Huko mjini hakuna nakala.

Tatu, usitie neno la siri la ofisi ndani ya programu hiyo. Kila aipokeaye aweza kuifungua na kulisoma.

Kwa hiyo njia hii yafaa sana kwa kujifunzia na kujaribia. Lakini ukiwa na hesabu za duka au za chama cha ushirika, hakikisha kwanza kwamba nakala inawekwa mahali pengine.

Maswali ya kujibu katika daftari lako:

1. Sevisi woka hukaa wapi, na hufanya kazi gani?
2. Kwa nini Django huhitaji Pyodide?
3. Simu ikipotea, ni kitu gani kinachopotea nayo?

Kwaherini mpaka juma lijalo.