Dozi Ikizidi kwa Mbwa

 Leo tunasema na wasikilizaji wetu wa kisiwani Makoongwe wenye mbwa wa kulinda shamba.

Aivamektini ya sindano, ile dawa ya minyoo ya ng'ombe yenye nguvu ya asilimia 1, hupimwa mililita 1 kwa kilo 50. Mbwa wa kilo 10 akichomwa mililita hiyo nzima, amepata mara tano ya kipimo cha ng'ombe kwa uzito wake. Anaweza kuyumba, kutoka mate, kutetemeka, pengine asione.

Ukishakosea, usimnyweshe maji ya chumvi kumtapisha. Chumvi nayo ni sumu. Maziwa hayaondoi dawa. Mweke kivulini, shika chupa ya dawa, andika saa na kiasi, kisha mpigie daktari wa mifugo hata kama mbwa bado anacheza. Usingoje mashua ya kuvukia Mkoani ndipo uulize.

Tena, dozi uliyoisahau usiifidie kwa kutoa mbili pamoja, nazo huwa zimezidi.

Na panado, jamani, iacheni ya watu, msimpe mbwa! Kwa paka hata kidonge kimoja kinaweza kuua.

Ili dozi isizidi, uzito msikisie. Panda mizani umembeba mbwa, kisha panda peke yako, utoe uzito wako.