Fedha Zikifika Kabla ya Mchoro: Kupanga na Kugharamia Barabara za Miji Yetu

Mada kwa semina ya madiwani na watendaji wa halmashauri za miji



Ratiba inasema nianze na mipango, kisha fedha. Naomba nigeuze, kwa sababu huko kwetu ndivyo mambo yanavyokwenda. Fedha hutangulia kufika zikiwa na masharti yake mkononi, halafu ndipo vikao vinaanza kuulizana barabara ipi ichukuliwe. Hoja niliyokuja nayo ni moja: mji usio na usanifu wa kina uliokamilika kabla ya fedha kuingia, barabara zake huchorwa na mtoa fedha. Na kuna mfuko mmoja tu katika halmashauri unaoweza kuzuia hali hiyo, nao ndio tunaoutumia kwa mambo mengine.

Mifuko na masharti yake

Mfuko wa Barabara unaujua kila dereva wa bodaboda hata kama hajawahi kuusikia kwa jina, maana anauchangia kila anapojaza mafuta. Sheria inataka sehemu isiyopungua asilimia 90 ya fedha hizo iende kwenye matengenezo. Kinachobaki ndicho kinachoweza kuitwa maendeleo. Kwa miaka mingi mgawanyo umekuwa asilimia 70 kwa TANROADS, wenye barabara kuu na za mikoa, na asilimia 30 kwa barabara za wilaya, ambazo tangu 2017 ziko chini ya TARURA. TARURA inahudumia mtandao unaozidi kilomita 144,000, na sehemu yenye lami haifiki asilimia 3. TANROADS ina kilomita takriban 37,000. Barabara za TANROADS hubeba malori mazito na ni ghali zaidi kuzitunza, hilo halina ubishi, lakini huhitaji kuwa mhasibu kuona kwa nini wabunge walilipigia kelele jambo hili mwaka baada ya mwaka, hadi bajeti ya 2021/22 ikaongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya TARURA.

Ongezeko hilo lilisaidia sana, lakini mfuko haukubadilika tabia. Bado ni mfuko wa matengenezo: ya kawaida, ya muda maalumu, ya sehemu korofi, ya madaraja na makalavati. Mwananchi wa mtaani hajui mafungu haya. Anaona greda limepita, limechonga, limeondoka, na mvua ya kwanza imerudisha mashimo, basi anamwambia diwani wake kwamba fedha zimeliwa. Mara nyingi hazikuliwa. Zilitumika kihalali kabisa kwa kazi ambayo haikuwa dawa ya tatizo, kwa sababu fungu la dawa halikuwepo.

Mfuko wa pili ni mikopo na misaada inayopitia Serikali Kuu, hasa Benki ya Dunia. Sura ya katikati ya miji yetu kwa miaka kumi na mitano iliyopita imetokana zaidi na mfuko huu kuliko wowote mwingine. Mradi wa miji ya kimkakati, TSCP, ulizifikia Arusha, Dodoma, Kigoma, Mbeya, Mtwara, Mwanza na Tanga. ULGSP ikachukua miji mingine 18. Sasa TACTIC imepangwa kwa miji 45. Mwenye kutembea Mbeya au Tanga atakiri kwamba lami ile, mitaro ile na taa zile zilibadilisha maisha ya watu. Lakini angalieni jinsi miji ilivyopangwa kwa makundi, mingine ikitangulia na mingine ikisubiri. Utayari wa michoro unahesabika hapo. Mradi una tarehe ya kuanza na tarehe ya kufungwa, na saa hiyo haimsubiri mtu. Mji ambao michoro yake iko tayari huingia na barabara inayohitajika. Mji usio na michoro huingia na barabara iliyo rahisi kusanifiwa haraka: iliyonyooka, pana, isiyo na nyumba za kufidia, isiyovuka bonde. Ndiyo maana katika baadhi ya miji utakuta lami safi yenye taa pande zote ikipita mahali penye nyumba chache, wakati barabara ya kwenda sokoni ina tope hadi magotini.

Kuna pia fedha za mgawo sawa. Mwaka 2021 kila jimbo lilipewa shilingi milioni 500 kwa ajili ya barabara. Kisiasa hakuna mgawo mwepesi kuutetea kuliko huo, na vijijini ulifungua njia nyingi. Mjini, ambako kilomita moja ya lami yenye mitaro na taa inaweza kumeza shilingi bilioni moja na kuendelea, fedha hiyo ilinunua vipande. Sipingi vipande, ila napinga vipande visivyojua vinaelekea wapi. Mita mia nne za lami zinazoishia njia panda ni mwanzo wa barabara kama kuna mchoro unaoonyesha mita mia nne zinazofuata. Bila mchoro huo mnabaki na lami iliyokatika tu.

Mfuko wa tatu ni mapato ya ndani: ushuru wa huduma, leseni, ada za masoko na stendi. Ni mdogo, na una madai mengi mgongoni, madarasa, zahanati, posho za vikao na mengineyo tunayoyajua humu ndani. Sifa yake ni kwamba unaweza kuamuliwa na Baraza hili lenyewe. Pendekezo langu ni kwamba sehemu ya barabara katika mapato ya ndani isinunue kifusi. Inunue upembuzi yakinifu na usanifu wa kina.

Najua ugumu wake. Usanifu haukatiwi utepe. Diwani hawezi kuwapeleka wapiga kura wakaone kabati la michoro. Lakini gharama ya kusanifu barabara ni asilimia chache tu za gharama ya kuijenga, na halmashauri yenye usanifu wa barabara kumi kabatini huwa na sauti tofauti kabisa mezani pale mradi unapokuja. Hakuna atakayeichagulia.

Nani anahesabiwa

Usanifu huanza na kuhesabu, na hapa ndipo miji yetu inapopotea mapema. Hesabu ya vyombo kwenye njia panda hutaja magari madogo, daladala, malori, pikipiki na bajaji. Anayetembea kwa miguu mara nyingi hana safu kwenye fomu, na anayesukuma mkokoteni pia hana. Asiyehesabiwa hasanifiwi, na asiyesanifiwa hana fungu. Kisha tunashangaa kwa nini barabara mpya inapandisha mwendo wa magari na ajali pamoja.

Dar es Salaam kuna mfano ambao ningependa kila halmashauri iujue. Shirika la Amend lilikwenda kwenye shule za msingi zilizokuwa zikipoteza watoto barabarani, likafanya mambo madogo: njia ya miguu kutoka getini, matuta, vivuko vilivyopakwa rangi, nguzo fupi za kuzuia magari kupanda pembeni, na mahali pengine kuhamisha geti lenyewe lisifungukie barabara kubwa. Programu hiyo inaitwa SARSAI. Utafiti uliochapishwa 2019 ulionyesha majeraha ya watoto yakipungua kwa asilimia 26, na mwaka huohuo programu ilipata tuzo ya kwanza ya miji ya WRI, taasisi ya kimataifa ya masuala ya mazingira na miji. Hakuna kilichofanyika pale ambacho fundi wa kawaida wa mji wowote wa Tanzania hawezi kukifanya. Lililokuwa geni ni kwamba mtu alikwenda kuhesabu watoto kwanza.

Hesabu haihitaji mshauri kutoka mbali. Wanafunzi wa chuo kilicho karibu, fomu, na siku mbili, moja ya gulio na moja ya kawaida, tangu saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni. Wahesabu miguu, mikokoteni, baiskeli, bodaboda na magari, na waandike watu wanavukia wapi hasa, ambapo mara nyingi sipo palipochorwa zebra.

Njia ya miguu ina tatizo lake la pili, machinga, nalo halimalizwi na mgambo. Mwaka 2021 wafanyabiashara waliondolewa kandokando ya barabara nchi nzima, na mnaona wenyewe hali ilivyo leo kwenye miji yenu. Mfanyabiashara hufuata miguu ya watu. Kama mchoro wa barabara haukumpa nafasi hatua chache pembeni ya mkondo wa waendao, atajipa mwenyewe katikati yake. Liwekwe kwenye usanifu, upana wa mita fulani kwa wapitaji na upana wa mita fulani kwa meza, tusiliache lije kuwa kazi ya operesheni.

Maji

Mtaro ndio roho ya barabara ya mjini. Lami haifi kwa magari kama inavyokufa kwa maji, lakini bajeti ikibana, cha kwanza kukatwa ni mtaro wa kupokea maji mwisho wa barabara. Mitaro ya kando hujengwa, kisha inamwaga maji kwenye uwanja wa mtu au chini ya kalavati lililowekwa wakati mji una watu elfu ishirini.

Jangwani inatosha kwa somo. Mabasi yaendayo haraka yalianza kazi Mei 2016 kwenye njia ya Kimara hadi Kivukoni na matawi yake, jumla ya kilomita 20.9, kazi kubwa iliyoiletea Dar es Salaam sifa duniani. Karakana yake ikawekwa Jangwani, kwenye bonde la Msimbazi. Kila masika makubwa maji yameingia, mabasi yameondolewa, barabara imefungwa. Sasa kuna mradi mzima wa bonde hilo, ukiwemo mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200, wa kutengeneza bonde, kuinua daraja na kuhamisha karakana. Bonde la Msimbazi lilikuwa na tabia hiyo kabla hatujazaliwa wengi wetu humu.

Kwa miji ya milimani nina neno fupi: lami si jibu pekee. Kigoma wamejenga madaraja ya upinde kwa mawe ya hapohapo, na barabara za mawe zinafaa kwenye miteremko ambako changarawe husombwa kila msimu. Huajiri vijana wengi zaidi wa mtaani na hazihitaji mtambo wa lami. Kwenye fomu za miradi mara nyingi hazina safu, kwa hiyo msiziombe kwa mdomo tu. Ziandikwe kwenye usanifu.

Hifadhi ya barabara

Hoja inayotolewa dhidi ya kusanifu mapema ni kwamba michoro huchakaa. Fedha zikija baada ya miaka minne, bei zimebadilika na nyumba zimejengwa katikati ya barabara. Bei si taabu, zinarekebishwa kwa wiki chache. Nyumba ndiyo taabu, na hapo ndipo Mtendaji wa Mtaa na Mwenyekiti wake wana kazi kuliko mhandisi. Wananchi wanaijua vizuri lugha ya X: nyekundu, unaondoka bila kulipwa, kijani, unafidiwa. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipopanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa hadi mita 60, ilizalisha X za kijani nyingi ambazo wenye nyumba walizisubiria miaka. Fidia mara nyingi hailipwi na mkopo. Hulipwa na Serikali yenyewe, na mradi haushiki kasi kabla haijalipwa. Nguzo za mpaka zilizowekwa ardhini leo, pamoja na ramani iliyobandikwa kwenye ofisi ya mtaa ili kila muuza kiwanja na mnunuzi waione, ni nafuu kuliko fidia yoyote.

Nani anawajibika kwa nani

Kabla ya 2017 mhandisi wa barabara alikuwa mtu wa halmashauri. Sasa meneja wa TARURA anawajibika kwa wakala wake, na madiwani wengi hulalamika kwamba wanaulizwa na wananchi juu ya barabara wasizozisimamia. Malalamiko yana msingi. Tusidhani lakini kwamba ni sisi peke yetu: Kenya, ambako tozo ya matengenezo ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 za huko kwa lita mwaka 2024, magavana na Bunge la Taifa wamevutana hadi mahakamani juu ya shilingi bilioni 10.5 za mfuko huohuo wa barabara. Kupigania mfuko ni rahisi kuliko kupanga barabara. Kwetu sheria haizuii meneja wa TARURA kukaa na kamati ya mipango miji kabla hajapeleka bajeti yake, wala haizuii orodha ya vipaumbele iliyopitishwa na Baraza kuwa ndiyo anayoibeba.

Jambo la mwisho ni kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai. Zabuni zikianza kuandaliwa Julai, mkandarasi hufika eneo la kazi Oktoba au Novemba, akutane na vuli. Akitulia, masika hayo, Machi. Kazi halisi hufanyika Juni kwa haraka, kwa sababu fedha zinakaribia kurudi. Usanifu ukiwa tayari, nyaraka za zabuni zinaweza kuandaliwa kati ya Aprili na Juni, mkataba ukasainiwa mwanzoni mwa mwaka wa fedha, na miezi mikavu ya Julai hadi Oktoba ikatumika kumwaga kokoto badala ya kuandika barua.

Naomba basi kikao kijacho cha Kamati ya Fedha kijadili fungu la usanifu wa barabara tatu tu kwa kuanzia: moja inayoelekea sokoni au stendi, moja inayopita mbele ya shule zaidi ya moja, na moja inayovuka bonde. Mtaniuliza fedha zitoke wapi. Zitoke kwenye kifusi kilichopangwa mwaka huu kwa barabara ambazo greda limekwisha kuzipitia mara tatu katika miaka mitatu. Orodha yake meneja anayo. Diwani gani aanze kuiachia ya kwake, hilo si la mtoa mada.